Mbuzi wa Mahari na Shimo la Mazuku

Nyumba ya Asanasio iko juu ya Bwera, Uganda, mahali ambapo upepo wa Rwenzori hauna adabu. Usipoufungulia mlango, huingia kupitia dirisha. Kwa hiyo kila jioni Asanasio huwateremsha mbuzi wake kwenye bonde dogo nyuma ya mibuni, akawafunga humo. Kule chini hakuna baridi.

"Baba yangu alifunga mbuzi kwa bonde, na babu pia," hupenda kusema. "Mutu ya mulima hafundishwi mbuzi!"

Mkewe, Ketura, humsikia huku akichambua maharage. Hucheka kimoyomoyo. Mumewe ni mtu mwema, lakini ushauri kwake ni dawa chungu.

Mwaka 2016 kijana wao Bright, fundi wa pikipiki mjini Kasese, alipata mchumba. Jina lake Masika. Alikuwa akiuza vitenge Kasese, lakini kwao ni ng'ambo ya mpaka, Kongo, karibu na Goma. Kijiji chao kiko chini ya mlima Nyiragongo. Mlima huo hauna theluji kama Rwenzori. Ni volkano, yaani mlima wenye moto tumboni.

Siku ya kupeleka mahari ilipokaribia, Asanasio, Ketura na Bright walisafiri kwa basi kupitia Kisoro. Mbuzi wa mahari waliwanunua kule kule, maana kuwavusha mpakani ni shida tupu. Walikuwa mbuzi wazuri, wanono, na beberu mmoja mkaidi aliyewaburuza njia nzima.

Walifika jioni. Mama Masika aliwapokea kwa vigelegele.

"Karibuni! Mbuzi mubafunge hapa karibu na jiko. Kesho asubuhi tutabapokea."

Asanasio alitazama uwanja. Upepo ulikuwa ukivuma. Akamnong'oneza mkewe, "Hawa watu hawajui mbuzi. Watalala na baridi hapa."

"Baba Bright, wenyeji wamesema hapa."

"Wenyeji wanajua moto yao. Mimi najua mbuzi yangu."

Wenyeji walipokuwa wakipika, aliwachukua mbuzi wote. Nyuma ya shamba aliona shimo pana lenye majani mabichi. Ukingoni palikuwa na vijiti vilivyofungwa vitambaa vyekundu. Asanasio alifurahi.

"Ona, hata vigingi viko tayari!"

Akafunga kamba kwenye vijiti vile, akashuka na mbuzi mpaka chini, akapanda tena. Hakuona tatizo lolote. Usiku ule alilala akijisifu.

Asubuhi kulikuwa kimya. Upepo ulikuwa umelala, hata jani halikutikisika. Asanasio alivaa shati lake jeupe la kanisani, akaenda na Ketura kuwaleta mbuzi.

Walipofika ukingoni, Ketura alishika kichwa kwa mikono miwili. Mbuzi wote walikuwa wamelala chini shimoni, miguu imenyooka. Hakuna jeraha wala damu. Ni beberu mkaidi tu aliyekuwa hai. Alikuwa amejizungusha kwenye kijiti mpaka kamba yake ikawa fupi, hata akashindwa kushuka. Alisimama juu, akilia.

"Yesu wangu!" Ketura alisema.

"Sumu!" Asanasio alifoka. "Wamewapa sumu!"

Akaanza kuteremka ili awafungue. Akapiga goti, akainama kushika kamba. Mara mkono wake ukalegea. Kichwa kikainama. Akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyekimbia mlima mzima, lakini hakuwa amekimbia. Ketura naye akainua mguu amfuate.

"Mama, usishuke!"

Alikuwa Masika. Siku ya mahari binti hakai nje mbele ya wageni. Na kwao mkwe hamgusi baba mkwe, humwamkia kwa mbali kwa heshima. Lakini Masika alikuja mbio bila viatu, akamsukuma Ketura nyuma. Akabana pumzi, akanyoosha mkono kutoka ukingoni, akashika kola ya Asanasio. Shati likapasuka mgongoni. Hakuiachia.

"Bright! Shika mimi kiunoni, uvute!"

Bright alikuja mbio, akavuta. Asanasio akatoka kama gunia. Wakamburuza mpaka juu kabisa, penye hewa. Akalala hapo midomo ikiwa imebadilika rangi. Ketura alimwita jina lake la ubatizo, akalia waziwazi, bila kujali wakwe. Baada ya muda Asanasio alikohoa. Akafungua macho.

"Nani amenishika?" aliuliza.

"Ni Masika," Ketura alisema. Masika aliinamisha uso kwa aibu.

Jirani yao Kosmasi alikuwa amesikia kelele. Yeye hujitolea kuwafundisha watu hatari za mlima. Alikuja na kibatari kinachowaka, amekifunga kwa kamba.

"Muangalie," alisema.

Akakiteremsha kibatari shimoni polepole. Kilipofika chini kidogo ya ukingo, moto ukazimika wenyewe. Ketura hakuyaamini macho yake.

"Hapana sumu ya mutu," Kosmasi alisema. "Iko mazuku. Ni hewa muzito, inatoka mu udongo chini ya mulima. Hauioni. Inateremuka mu mashimo sawa maji. Upepo ikivuma, inaisukuma. Upepo ikilala, usiku na asubuhi, inajaa."

"Kumbe ndiyo maana jana alishuka salama," Ketura alisema.

"Ndiyo. Na hizi vijiti ni alama. Inasema, usishuke."

Asanasio alifumba macho.

"Na mutu akianguka mule?" Ketura aliuliza.

"Usimufuate. Mutakufa bawili. Ita batu, umuvute ukiwa juu. Batoto mubachunge sana, beko bafupi, hewa inabafikia mbele ya bakubwa. Ukiona ndege ao panya imekufa mu shimo, rudi. Na usilale mahali pa chini bila kuuliza mwenyeji."

Mama Masika alikuwa amefika. "Huu mulima tunaujua," alisema. "Mwaka 2002 ulipasuka. Moto uliteremuka sawa uji mpaka mu Goma. Ulikula nyumba yetu. Bale balitoka mapema balipona. Bengine balirudia vitu, hatukubaona tena."

Asanasio aliketi. Alitazama mizoga, kisha beberu.

"Nimekuja kuozesha mutoto, mbuzi imekwisha," alisema kwa sauti ndogo. "Mulisema nifunge karibu na jiko. Sikusikia. Sasa harusi imekufa."

Mama Masika alimfungua beberu, akamkabidhi kaka yake, mjomba wa Masika, aliyekuja naye. "Mahari tumepokea," alisema. "Bengine mutaleta polepole. Mbuzi inanunuliwa. Mutu hapana."

Mizoga waliiacha palepale mpaka upepo na jua vikaja, kisha Kosmasi akaitoa kwa ndoano ndefu akiwa juu. Hakuna aliyeshuka.

Siku hizi Bright na Masika wanaishi Kasese. Asanasio bado hufunga mbuzi wake bondeni, maana Bwera hakuna mazuku. Lakini siku za soko pale Mpondwe, mpakani, huwatafuta wachuuzi wanaokwenda upande wa Goma. Huwaeleza yote: vijiti vya vitambaa vyekundu, kibatari, hewa nzito. Mwanzo walimcheka. Kisha siku moja mchuuzi mmoja aitwaye Night alirudi na kumshika mikono.

"Mzee, lori yetu iliharibika kule. Wenzangu walitaka kulala kwa shimo kukwepa upepo. Mimi nikakataa, nikauliza wenyeji. Asubuhi tuliona panya wamejaa mule, wamekufa."

Jioni ile Ketura alichukua sindano na lile shati jeupe lililopasuka.

"Lete nishone, uvae Jumapili."

Asanasio alilivuta taratibu kutoka mikononi mwake.

"Acha," alisema. "Hapo ndipo mutoto wangu alinishika."