Maua ya Mchangani

Kila asubuhi, baada ya kumwamkia bibi yake, Digna alichukua jembe dogo na kikapu, akaenda kutafuta mizizi ya kula. Tangu askari wa Wajerumani wachome maghala wakati wa vita vya Maji Maji, bonde la Kilombero halikuwa na chakula. Mdogo wake, Hilari, alikuwa amebaki mifupa mitupu, na kilio chake kilimfuata Digna hata porini.

Siku hiyo alifika kwenye mchanga mweupe ulioachwa na mafuriko, mahali pakavu kama jangwa. Hapakuwa na jani, isipokuwa mmea mmoja uliotambaa, wenye maua ya zambarau. Majani yake yalifanana na matembele. Digna akachimba, akatoa mizizi minene.

Alijua desturi ya kwao. Mzizi mgeni hulowekwa mtoni kwanza, kisha mzee huonja peke yake, na wengine hungoja hadi kesho yake. Lakini Hilari angengojaje? Akaimenya palepale bila kuiloweka, akarudi nayo nyumbani.

"Umepata nini, mjukuu wangu?" aliuliza bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Viazi, bibi. Vilibaki kwenye shamba letu la zamani."

Bibi akashukuru, akabandika chungu. Digna hakutulia. Alikaa, akainuka, akachochea moto usiohitaji kuchochewa. Mvuke ulinuka vibaya, akajiambia kuwa ni moshi tu.

Chungu kilipoipuliwa, bibi alipapasa kipande laini, akakipuliza. Digna alidhani bibi atakitia kinywani mwake mwenyewe. Badala yake akamwita Hilari.

"Njoo, baba. Chakula cha shambani, mtoto ndiye huanza."

"Usile!" Digna akakipiga kile kipande, kikaangukia majivuni. "Bibi, nimekudanganya. Si viazi. Ni mizizi ya mchangani, ya mmea wenye maua ya zambarau."

Hilari aliangua kilio. Bibi akachukua kipande kingine, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Huu ni mzizi wa kuharisha. Humwangusha hata mtu mzima mwenye nguvu. Huyu asingefika asubuhi."

Jioni mama yao, Aurelia, alirudi na kambale mmoja aliyenaswa kwenye mgono wake mtoni. Hilari akanywa mchuzi, akalala. Digna akakisukuma kando kibakuli chake, machozi yakimtoka.

"Kula, mjukuu wangu," alisema bibi. "Umesema kweli kabla hatujazika mtu. Ila haraka haraka haina baraka. Mimi huonja kwanza kwa sababu nimeshaishi miaka yangu, na ninyi watoto bado. Sasa macho yangu ni maneno yako, Digna. Ukinidanganya, mkono wangu huu ndio utakaomuua mtoto."