Ufa Shingoni mwa Mpira

Kila asubuhi akienda shule, Pilipili alipita nje ya karakana ya samani alikofanya kazi mama yake. Jioni alirudi njia ileile, akaketi kwenye benchi la stoo na kufanya hesabu zake huku mama akisafisha. Mama alitumia mashine kubwa ya kuvuta vumbi: pipa la chuma lenye magurudumu, mpini wa kuisukumia, na mpira mrefu mnene wa kunyonyea vumbi, wenye mikunjo ya duara. Kazi ikiisha, aliuchomoa mpira, akaukung'uta, akapitisha ufito ndani kutoa vipande vya mbao vilivyokwama, kisha akaulaza juu ya gogo la mviringo lililopigiliwa ukutani. Hakuutundika kwenye msumari hata siku moja, kwa sababu msumari huukunja mpira mahali pamoja mpaka upasuke.

Jina la Pilipili alipewa na mafundi. Ukimchokoza leo, walisema, atakulipa hata kama wewe umeshasahau.

Siku moja mpira ulipasuka katikati ya kazi. Vumbi likaruka na kutua juu ya makabati yaliyotoka kupakwa vanishi. Msimamizi alikuja mbio. Mafundi walimwita Selotepu akiwa hayupo, maana hajawahi kutengeneza kitu; yeye hukizungushia selotepu tu na kuondoka. Alimfokea mama mbele ya wote. Alisema anauvuta mpira kama mtu anayevuta punda, kwamba mzembe kama yeye hafai hata kufagia banda la kuku, na kwamba asirudi tena ila kuchukua vitu vyake. Mama alijibu kuwa alishamwambia mara nyingi kwamba mpira una ufa pale shingoni, kipande hicho kikatwe, naye kila mara alimrushia roli ya selotepu. Selotepu akacheka. Mafundi, watu wazima wenye mikono ya kunyanyua magogo, walitazama viatu vyao.

Hilo lisisahauliwe. Walitazama viatu vyao.

Pilipili aliyaona yote akiwa kwenye benchi lake. Kesho yake mama alipokwenda kuchukua aproni na mabuti yake, alimfuata akiwa na wembe mfukoni, umefungwa kwenye karatasi. Alikusudia kuuchana mpira wote, toka mwanzo hadi mwisho, ili Selotepu ale vumbi mpaka atoe machozi. Waliingia stoo. Mama alipoinama kukunja aproni, Pilipili alichutama kando ya mashine na kuutoa wembe. Mama akamwahi, akamshika mkono.

"Niache, mama. Kakutukana."

"Katukanwa nani, wewe au mimi?" mama alimwuliza taratibu. "Ukiuchana, ataubeba awaonyeshe watu aseme, si niliwaambia? Hana ushahidi. Unataka kumpa wewe?"

Alimnyang'anya wembe. Pilipili alibaki akiutazama mpira kwa chuki. Pale unapoingia kwenye mashine, penye shingo ya plastiki, selotepu ilikuwa imezungushwa tabaka juu ya tabaka. Aliuliza kwa nini upasuke palepale kila mara. Mama alimweleza kwamba hapo ndipo panapoumia mtu akiiburuta mashine kwa mpira badala ya kushika mpini.

Pilipili akasema kwamba ndivyo afanyavyo Selotepu. Asubuhi nyingi alimwona akiiburuta uani, mpira umemzunguka begani, akisafisha viti vya gari lake.

Mama aliketi juu ya ndoo. "Mwanangu, na unaniambia leo?"

"Si hukuniuliza."

Mwenye karakana alikuwa ndani, akikagua makabati yaliyoharibika. Mama aliubeba mpira hadi mbele yake na kumwomba awaite wote, Selotepu akiwemo. Walipokusanyika, alianza kubandua selotepu. Ya juu ilikuwa ingali nyeupe. Za chini zilikuwa kahawia, zimeshikana na vumbi lililokauka kama udongo, na chini yake kulikuwa na ufa mrefu. Mwenye karakana aliona mwenyewe kwamba ufa ule haukuwa wa jana. Ndipo Pilipili akaeleza aliyoyaona uani.

Selotepu alisema hayo ni maneno ya mtoto, kafundishwa na mama yake. Pilipili akamgeukia fundi wa vanishi.

"Fundi, dirisha lako linatazama uani. Na leo utatazama viatu?"

Fundi aliinua macho. "Mtoto hasemi uongo," alisema. "Anaiburuta. Sote tunamwona."

Mwenye karakana alimtazama msimamizi wake, kisha akageuka. Alimwambia mama arudi kazini, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna wa kuigusa mashine ile bila ruhusa ya mama. Selotepu alimsogelea mama na kumwomba waende ofisini wayamalize.

"Hapana," mama alisema. "Ulinitukania hapa, mbele ya hawa. Omba radhi hapahapa."

Akaomba, kwa sauti ya chini. Mama akamwambia kwamba walio nyuma hawakusikia. Akaomba tena.

Baadaye mama aliazima kisu, akakata kipande kilichooza kwa kufuata mkunjo wa mpira, sawasawa, bila kupinda. Akaurudishia mpira shingo yake ya plastiki, akaizungusha mpaka ikakazika. Mpira ulipungua kidogo tu. Alipoiwasha mashine, Pilipili aliweka kiganja mdomoni mwa mpira, nao ukakivuta, ukakishikilia.

Njiani kurudi nyumbani Pilipili alimwuliza kama amemsamehe yule bwana.

"Nani kakwambia?" mama alisema. "Sikiliza. Mtu akikudhulumu, ukiharibu kitu chake unampa pa kujifichia. Mweke mbele za watu pamoja na ukweli, hapo hana pa kwenda. Na ukiona jambo baya, liseme siku hiyohiyo, usingoje limuumize mtu."

"Na wale mafundi je, walionyamaza?"

Mama aliihamishia aproni bega la pili. "Hao nitaanza nao Jumatatu," alisema. "Mmoja mmoja."