Upanga wa Sponji

Kila alipotoka shule, Sindano alipitia karakana ya baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Baba alikuwa fundi wa makochi. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya gundi na mbao mbichi, na sakafu yake ilikuwa haionekani kwa vipande vya vitambaa. Sindano alivua viatu, akavaa aproni, akaketi kwenye kiti ambacho mteja mmoja hakukirudia tangu mwaka juzi, kisha akaanza kushonea mito vifungo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye vidole vyepesi. Mafundi ndio waliompa jina hilo la Sindano, likamshika hadi shuleni.

"Baba, hizi sponji zilizobaki nichukue?"

"Chukua. Ila usiguse ile nzima. Ile ni ya kochi la watu."

Masalia hayo ndiyo aliyotengenezea panga za mchezo wa Jumamosi. Ndani ya kila upanga aliweka bomba jembamba la plastiki, akalizungushia sponji nene, na mbele akaacha sponji tupu ya urefu wa kiganja ili ncha iwe laini. Juu alivisha kitambaa cha kochi. Kwa hiyo jeshi zima la watoto kumi na sita lilikwenda vitani na panga zenye maua.

Vita hivyo vilipiganwa kwenye kiwanda cha matofali kilichoachwa, chini ya uangalizi wa mzee mmoja aliyestaafu kufundisha michezo. Wote walimwita Kocha. Yeye ndiye aliyetunza bunduki za kuchezea zinazorusha vijigololi vya plastiki, na ndiye aliyegawa miwani ya kinga na barakoa ngumu za uso. Vijigololi hivyo huuma vikirushwa kwa karibu, kwa hiyo aliyefika hatua tano kutoka kwa mpinzani hakuruhusiwa kufyatua. Ilimbidi amguse kwa upanga wa sponji, begani au mgongoni, na aliyeguswa alitoka nje.

"Nimesema kugusa," Kocha alirudia kila Jumamosi. "Sikusema kupiga. Na kuchoma kwa ncha ni marufuku, hata kama umechelewa, hata kama umekasirika."

Kabla ya mchezo aliketi nyuma ya meza mbovu na kukagua silaha zote. Aliminya ncha ya kila upanga kwa dole gumba kutafuta kitu kigumu, kisha akajipiga nao kichwani, kwenye kipara chake. Watoto walivunjika mbavu kwa kicheko. Upanga ukifaulu, aliufunga utepe mwekundu kwenye mpini.

Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa binamu yake Sindano, binti wa shangazi yake. Huyo walimwita Redio. Kila Jumatatu alisimama mbele ya shule nzima na kusoma taarifa bila kipaza sauti, na waliokaa nyuma kabisa walisikia kila neno. Wawili hao walizaliwa mwaka mmoja, wakaota meno pamoja na kuugua surua pamoja. Shangazi alizoea kusema kwamba amezaa mmoja lakini analisha wawili.

Kwenye mchezo, hata hivyo, walikuwa katika makundi tofauti. Jumamosi tatu mfululizo Redio alimgusa Sindano kwanza, maana upanga wa Sindano ulikuwa umechakaa na kulegea. Mara ya tatu Redio alipanda juu ya lundo la matofali, akaweka ngumi mdomoni kama kipaza sauti.

"Habari za michezo! Sindano, aliyekwenda vitani na upanga uliopitiwa na usingizi, amekamatwa tena! Wataalamu wanauliza: ule ni upanga au ni ndizi iliyoiva?"

Wote walicheka, hata wa kundi la Sindano. Naye alicheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Wiki nzima maneno yale yalimkera. Ijumaa, Baba alipotoka kupeleka mzigo kwa mteja, alichukua bomba la chuma la kuning'inizia pazia, akalikata kwa msumeno, akalivisha sponji nyembamba. Chuma kilifika hadi nchani. Aliupunga upanga hewani. Haukulegea hata kidogo.

Alijua Kocha angeukataa. Kwa hiyo Jumamosi alibeba panga mbili. Ule wa zamani aliupeleka mezani. Kocha akauminya, akajipiga nao kichwani, akaufunga utepe. Nyuma ya tanuru la kuchomea matofali, Sindano aliufungua utepe ule na kuuhamishia kwenye mpya. Hakuna aliyemwona.

Saa nne filimbi ikalia. Sindano alijificha nyuma ya mlango usio na ubao, akasikia nyayo za Redio zikija. Alikuwa na nafasi ya kumgusa bega tu. Bega lilikuwa pale, wazi kabisa. Lakini Redio alipomwona alianza kucheka, na kicheko kile kikamkumbusha lile lundo la matofali. Sindano akasukuma upanga mbele kwa nguvu zake zote. Ncha ilipita chini ya barakoa, ikamgonga shingoni.

Redio alianguka kwa magoti. Alishika koo kwa mikono miwili, akafungua mdomo, lakini hakuna kilichotoka ila mkwaruzo mdogo.

Kabla hata ya kumshika mwenzake, Sindano aliutupa upanga ndani ya tanuru. Kocha alipofika mbio, alimkuta amechuchumaa kando ya binamu yake.

"Kumetokea nini?"

"Amejikwaa," Sindano akasema. "Ameangukia kidevu."

Redio alimtazama. Hakuweza kusema neno.

Jirani mwenye gari aliwapeleka hospitali. Shangazi aliwakuta huko, kanga ikimburuza nyuma, na Baba akafuata na vumbi la mbao kichwani. Daktari aliuliza mtoto ameumiaje. Sindano akarudia yaleyale: amejikwaa, ameangukia kidevu. Daktari akaminya taya, akatazama meno, akaagiza picha ya taya. Shingoni palikuwa pekundu kidogo tu, kama alama ya kidole. Picha ilichelewa kutoka. Ilipotoka, taya ilikuwa nzima.

"Basi alale hapa tumwangalie," daktari akasema, akaenda kwa wagonjwa wengine.

Muda ukasonga. Sauti ya Redio haikurudi, na pumzi yake ikaanza kupiga mluzi. Saa saba na nusu alimshika mama yake mkono, akamwonyesha Sindano kwa kidole, kisha akanyoosha ngumi na kuisukuma hewani kuelekea kooni mwake. Alifanya hivyo mara mbili. Macho yake yalikuwa yakiomba.

"Anasema nini?" Shangazi akamgeukia Sindano. "Nyinyi mnaelewana. Anasema nini mwanangu?"

Sindano alielewa vizuri sana.

"Anaomba maji," akasema.

Shangazi akamimina maji kwenye kikombe, akamwinua kichwa mwanawe kwa upole, akamnywesha. Funda la kwanza likaenda njia isiyo yake. Redio akapaliwa, akajikunja, midomo ikageuka rangi, na alipojaribu kuvuta pumzi ikasikika sauti kama ya mlango ulioshika kutu. Shangazi akapiga ukelele. Muuguzi akaja mbio, akamgusa shingo. Ngozi ilikuwa imevimba, na ilichakarika chini ya vidole kama mfuko wa nailoni. Daktari akaingia nyuma yake.

"Ni mimi!" Sindano akalia. "Hakujikwaa! Nilimchoma shingoni kwa upanga. Ndani una chuma. Na hakuomba maji, alikuwa anawaambia nilivyomfanya!"

Daktari hakumkaripia. "Chuma kinene kiasi gani?" Sindano akaonyesha kidole gumba. "Kilimpiga kwa mbele au kwa kando?" Akaonyesha. Daktari akageuka na kuita watu wa chumba cha upasuaji, na kitanda kikasukumwa mbio kwenye korido, magurudumu yakipiga kelele.

Waliobaki walisimama. Baba alimtazama binti yake.

"Bomba la pazia," akasema. "Nimelitafuta tangu jana." Akaketi kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono. Shangazi alikuwa bado ameshika kikombe.

Redio aliokoka. Walimtoboa shingo chini ya koo na kumwekea mrija wa kupumulia, kisha wakashona kilichopasuka ndani. Daktari alimwambia Baba ukweli wote, na Sindano alisikia: jeraha lile lilikuwa baya tangu mwanzo, lakini kwa saa tatu walikuwa wakihangaika na taya, huku koo likivimba. Kama wangejua mapema, huenda sauti ingepona zaidi. Huenda. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika.

Wakati huohuo wazazi walikuwa wamemvamia Kocha nyumbani kwake. Mmoja alimwita muuaji wa watoto. Mwenye kiwanda akafunga geti kwa mnyororo. Jumatano wazazi walikutana mbele ya geti hilo, na Baba akamleta Sindano, amemshika mkono.

"Waambie," akasema. "Usimung'unye maneno."

Sindano aliwaambia. Aliwaeleza kuhusu bomba, kuhusu panga mbili, kuhusu utepe. Mwenye kiwanda akamfungulia kwa muda, naye akaingia kwenye tanuru na kuutoa ule upanga. Mama mmoja aliushika, akaminya ncha, akakuta chuma.

"Mtoto wewe," akasema, "tulikuwa tunakwenda kumshtaki mzee wa watu."

Kocha naye alikuwapo, amekonda kwa siku nne tu. "Kuhamisha utepe ni kosa lako," akamwambia Sindano. "Kutokagua mara ya pili mlangoni ni kosa langu. Nitalibeba langu. Wewe beba lako, usimpe mtu mwingine akushikie."

Geti lilifunguliwa baada ya miezi miwili, kwa masharti. Kila mtoto aliingia na upanga mmoja tu, uliokaguliwa mezani na tena mlangoni. Aliyechoma kwa ncha, hata kwa utani, alitolewa msimu mzima. Tena kila mchezaji alivaa kinga ya shingo. Kinga hizo alizishona Sindano kwa mkono wake, kumi na sita, za sponji ngumu na turubai, kila siku baada ya shule. Yeye mwenyewe hakurudi kucheza. Hakuna aliyemkataza.

Redio alirudi shuleni akiwa na kovu la ukubwa wa shilingi. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza na chini sana, na alipoulizwa swali darasani mwalimu ilimlazimu amsogelee. Taarifa za Jumatatu alizisoma mvulana wa darasa la juu yao, aliyesoma vibaya. Redio alihamia dawati la mbele. Salamu ya Sindano aliiitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mpita njia.

Siku ambayo kinga ya mwisho ilikuwa inamalizika, Shangazi aliingia karakana. Alikuwa hajafika hapo tangu ajali. Baba akamfutia kiti vumbi, lakini hakuketi.

"Shikamoo, Shangazi," Sindano akasema, amesimama.

"Marahaba."

"Shangazi, naomba unisamehe."

"Nilikusamehe siku ileile uliyomwambia daktari," Shangazi akajibu. "Usingesema, leo ningekuwa sina mtoto. Hilo nalijua. Lakini nimekuja kukwambia jambo, nawe ulisikie sasa ungali mdogo." Akachukua kinga moja mezani, akaishika bila kuitazama. "Mlikuwa mnacheza. Upanga ulikuwa wa kuchezea, na vita vilikuwa vya kuchezea. Shingo ya mwanangu haikuwa ya kuchezea. Sheria za yule mzee zilikuwa za kulinda shingo hiyo tu, nawe ukaziona zinakuzuia kushinda."

Sindano aliinamisha kichwa.

"Nitazame. Ule mchomo ulikuwa wa hasira, ulipita mara moja, na hasira inaweza kumpata mtu yeyote. Ila zile saa tatu ulizichagua mwenyewe. Kila dakika ulikuwa na nafasi ya kusema. Mimi nikamnywesha mwanangu maji kwa mkono wangu, kwa sababu nilikuamini. Ukikosea, sema palepale, hata kama miguu inakutetemeka. Ukichelewa, unayemwumiza ni yule anayekuamini kuliko wote."

Baba alikuwa ameacha kupiga misumari. Shangazi akairudisha kinga mezani.

"Nilimwambia tuje wote," akasema kwa sauti iliyolegea kidogo. "Amekataa. Usimfuate, wala usimtume mtu. Siku akitaka atakuja mwenyewe, na asipotaka, ni haki yake."

"Ndiyo, Shangazi."

Shangazi akaaga, akatoka. Sindano alisimama mlangoni akimtazama hadi alipokata kona, kisha akarudi kwenye kiti, akafuta macho kwa aproni, akaanza kushona mshono wa mwisho.