Rada Iliyogandishwa

"Nguo zimeanikwa. Narudia, nguo zimeanikwa."

Sauti ya Mkubwa ilikwaruza redioni. Pasi akatupia jicho Casio yake. Saa tisa na dakika tano alasiri.

"Nimekupata. Nitaanua mwenyewe."

Maana yake lori lilikuwa limetoka mafichoni. Isuzu la kijivu, na tumboni mwake maboksi arobaini ya vilipuzi vya kulipulia bohari la mafuta mjini. Walioagiza kazi hiyo walikuwa watu wa nje ya nchi, na siku ya moto wasingekuwepo hata kusikia harufu ya moshi. Na huyu aliyepewa kulikamata aliitwa Pasi kwa sababu idara nzima ya usalama haikuwahi kumwona na mkunjo, wa shati wala wa uso.

Lori lilikuwa limemponyoka mara tatu, kwa ujanja uleule. Bondeni palikuwa na kivuko cha zege, daraja la chini lisilo na kingo, ambalo mto ukijaa maji hupita juu yake. Dereva alibandika simu kwenye dashibodi na kutazama rada ya mvua, ileile ya bure ambayo kila mtu huitazama kabla ya kuanika mahindi. Dhoruba ikigonga vilima, alihesabu dakika. Alivuka maji yakiwa njiani, kisha mto ukafunga mlango nyuma yake. Mara tatu Pasi alibaki ukingoni na bastola yake ya Glock mkononi, akitazama taa nyekundu zikipotea.

Leo alikuwa ameamua dawa ya moto ni moto.

Kituo cha rada kilikuwa juu ya kilima, robo saa kwa gari kutoka kivukoni. Ndani palikuwa na baridi ya mashine na mama mmoja mwenye sweta, mpimaji wa mvua aliyebakiza miezi minne astaafu.

"Gandisha," Pasi alisema.

"Nigandishe nini, mwanangu?"

"Picha. Saa iendelee kutembea, mvua isimame hapo ilipo. Nusu saa tu. Dereva adhani bado ana muda wa kuvuka."

Mama akaweka kikombe chini. "Hii picha haitazamwi na mwizi wako peke yake. Bonde zima wanavukia hii."

"Mama, maboksi yale yakifika mjini, vidole havitatosha kuhesabu maiti."

"Basi nipe amri ya maandishi."

Pasi akamtolea karatasi. Ilikuwa na mhuri tayari.

Mama aliisoma mara mbili, akabofya. Kwenye kioo, doa jekundu la dhoruba likatulia mbali nyuma ya vilima. Dirishani, vilima vyenyewe havikuonekana tena kwa mvua. Pasi alijisikia vizuri, tusimsingizie majuto aliyokuwa bado hana.

Simu yake binafsi ikaita. Dada yake.

"Mdogo wangu, niko hapa kivukoni na pikipiki. Kuna mama ng'ambo ya mto ameshikwa na uchungu tangu asubuhi. Rada inanipa nusu saa, lakini huko vilimani naona kweusi. Nimwamini nani?"

Ni yeye Pasi aliyemwekea ile rada. Dada ni mkunga, na zamani alikuwa akisimama mlangoni mwa zahanati kunusa upepo kabla ya safari. Pasi alimcheka mpaka akaona haya. Mawingu yana porojo, dada, tazama simu. Dada akakubali, tena akawa mwalimu. Kila aliyeleta mtoto kupimwa uzito aliondoka na rada kwenye simu yake.

Mkuki kwa nguruwe.

Pasi akatazama tableti. Droni yao iliyozunguka juu ya bonde ilimwonyesha Isuzu limesimama juu ya mteremko, dereva ametoa kichwa na darubini usoni, anachunguza kivuko. Watu wakianza kurudi nyuma, naye angegeuza.

"Usivuke," alinong'ona.

"Kwa nini? Mbona rada..."

"Usivuke, dada. Na usimwambie mtu yeyote. Nakuomba."

"Haya, mdogo wangu."

Droni ilimwonyesha dada akisogeza pikipiki pembeni na kuchuchumaa, kama mtu aliyekatikiwa mnyororo. Baiskeli yenye madumu mawili ya maziwa ikasimama kando yake. Mwanamume akauliza kitu. Dada akasita. Kisha akatoa simu, akamwonyesha.

Muuza maziwa akatikisa kichwa kukubali, akaingia kivukoni.

Lori likaanza kuteremka.

"Na yule?" mama aliuliza nyuma yake. "Yule naye ni mhalifu?"

Kidole cha Pasi kilikuwa kwenye kitufe cha redio. Vijana wake walikuwa wamejificha hatua thelathini tu kutoka majini. Neno moja lilitosha. Dada aliokolewa kwa neno moja.

Hakulisema.

Maji yalikuja yakikunja kona na magogo mbele. Lori lilikuwa limekanyaga zege kwa magurudumu yote. Yakaliinua, yakalibana kwenye nguzo ya kupimia kina cha maji, na dereva na mwenzake wakapanda juu ya paa mikono hewani. Vijana wakawarushia kamba, wakawavuta, wakawafunga pingu. Baiskeli haikuonekana tena.

Dumu moja lilielea kidogo, likazama.

Robo saa baadaye Pasi alikuwa ukingoni. Vijana walikuwa wanapigana mabega kwa furaha.

"Kazi safi," Mkubwa alisema redioni. "Upande wetu yuko aliyeumia?"

"Hakuna. Lakini kuna muuza maziwa."

"Huyo ni wa mvua. Usimwandike."

Dada alikaa juu ya jiwe, sare yake tope mpaka magotini.

"Aliniuliza, 'Mkunga, rada inasemaje?' Wewe uliniambia nisimwambie mtu. Nikamwonyesha simu."

"Dada..."

"Ulijuaje? Mimi na yeye tulikuwa tunatazama picha moja. Wewe ulijuaje?"

Pasi aligeuza uso kutoka kwa mtu aliyembeba mgongoni utotoni. Alitazama maji.

"Alikuwa anamwahi mkewe," dada alisema. "Ndiye huyo mwenye uchungu. Mto huu haupungui kabla ya jioni. Atazaa bila mimi na bila mumewe."

Akamnyooshea simu.

"Chukua. Mimi nitanusa upepo."

Pasi aliipokea. Akanyoosha kola, akaelekea kwenye Land Cruiser kwa hatua zake zilezile. Vijana wakampisha kwa heshima. Uso haukuwa na mkunjo.

Alipokaa kwenye usukani, simu ya dada ikatetema mkononi. Nusu saa ilikuwa imekwisha na mama wa kituoni amefungua picha. Wekundu ulifunika bonde lote, na chini yake maandishi: mvua kubwa, usivuke mto.

Akaizima, akawasha gari.