Ukungu Kwenye Mrija wa Bluu

Kila Jumamosi, nikimaliza kufua sare zangu, nilifuta lenzi za projekta ya baba. Ni mashine kuukuu, nzito kama kabati, yenye mirija mitatu ya picha: mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mirija hiyo hupata joto kali, ndiyo maana mbele yake kuna kimiminika maalumu cha kupozea. Jioni watoto wa majirani hujazana sebuleni kwetu. Bibi, ambaye haoni kitu kwenye skrini ndogo, hukaa mbele kabisa.

Jumamosi moja picha ilitoka na ukungu mtupu wa bluu.

"Wewe!" baba alinifokea mbele ya wenzangu wote. "Umefuta lenzi kwa sabuni!"

"Hapana, baba. Nimetumia kitambaa kikavu, kile kile cha siku zote."

"Usinijibu! Kuanzia leo usiiguse mashine hii."

Jamani! Hata kuchungulia hakuchungulia. Wenzangu wakanibandika jina la Bi Ukungu, wakaniita hivyo mpaka bombani. Nililia kwa hasira. Ningekuwa nimekosa kweli, ningenyamaza. Lakini kubebeshwa kosa lisilo langu kuliniuma kuliko kofi.

Asubuhi nikamfuata. "Shikamoo, baba. Naomba tuifungue. Kosa likiwa langu, nipe adhabu yoyote."

"Marahaba. Nimeshasema."

"Fungua, mwanangu," bibi alidakia. "Au unaogopa?"

Baba akachomoa waya, akaiacha mashine mpaka siku ya pili, maana mirija hubaki na umeme mkali hata ikizimwa. Kisha akafungua mrija wa bluu na kumimina kimiminika chake kwenye bakuli. Lo! Kilijaa utando wa kijani, kama tanki la maji lisilooshwa.

"Mimi nafuta kwa nje tu," nilisema. "Huko ndani nimefikaje?"

Baba alikuna kichwa. Bibi akamkazia macho. "Si wewe uliyekuja jikoni kuniomba maji ya kunywa, yale yaliyochemshwa, ukasema unaiongezea mashine kidogo tu?"

"Kimiminika kilikuwa kimepungua," baba alijibu polepole. "Nilipanga kuyabadilisha maji hayo. Nikasahau."

Ati alisahau! Yeye asahau, mimi niitwe Bi Ukungu!

Baba aliusafisha mrija, akaujaza kimiminika kinachofaa na kutoa mapovu yote ya hewa. Jumamosi picha iling'aa, bibi akapiga makofi. Mimi nilikuwa chumbani, nimenuna. Baba akaja, akanishika mkono na kunisimamisha mbele ya wenzangu.

"Watoto, ukungu ule ulikuwa wangu," alisema. "Nilifanya kazi ya kulipua, halafu nikamsingizia binti yangu kabla ya kuchunguza. Mashine nimeisafisha peke yangu, hakuna hata mmoja wenu aliyeniona. Lakini jina lake nililichafua mbele yenu, kwa hiyo ni lazima nilisafishe mbele yenu. Nisamehe, mwanangu."