Mfalme Asiyekauka

Siku ya tatu tangu Mfalme Torleiv arudi kutoka vitani, joho lake lilikuwa bado halijakauka. Malkia Ragnfrid alilitundika juu ya meko, moto ukiwaka mchana kutwa, na kila alipoligusa lilimchuruzikia maji mkononi. Akalinusa. Mwani. Akaliacha pale pale, akaenda kukoroga uji wa shayiri.

Hakushtuka. Alikuwa amezika wana watatu katika miaka minne, na tangu yule wa mwisho aingie kaburini, hakuna kilichomshtua tena.

Mfalme alikuwa amerudi peke yake, kwa miguu, akitokea ufukweni. Merikebu haikuonekana, wala watu wake arobaini. Alipoulizwa wako wapi, alijibu, "Wanakuja," akaketi kitini pake. Hakula wala hakunywa. Mbwa wake wa kuwindia, waliozoea kumrukia kifuani, walitoka wakalala thelujini, wakakataa katakata kurudi ndani.

Tordis, kikongwe mkamuaji aliyejua dawa na mambo ya wafu, alimvuta malkia hadi zizini, katikati ya ng'ombe.

"Bibi," alinong'ona, "yule si mumeo."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimelala naye, Tordis. Nikaweka sikio kifuani pake. Nikasikia mawimbi."

Kikongwe akajiziba mdomo. "Jini la bahari hilo. Limemvaa. Haliondoki mpaka mkewe amwambie usoni kwamba amekufa. Mwambie leo, bibi!"

"Nikimwambia leo, kesho Guttorm yuko mlangoni."

Guttorm alikuwa ndugu wa mfalme, baba mmoja mama mbalimbali, akikaa ng'ambo ya ghuba na merikebu zake sita. Duniani alimwogopa mtu mmoja tu, Torleiv. Siku atakayosikia kiti kiko wazi angekuja kukikalia, na ili watu wamkubali angemtwaa Aslaug, binti pekee wa mfalme, mwenye miaka kumi na minne, amwoze kwa mwanawe mlevi aliyekwisha kuzika wake wawili, wote kwa kipigo.

"Theluji ikiyeyuka, kaka zangu watakuja kumchukua mtoto," Ragnfrid alisema. "Hadi hapo, acha kitu hicho kikae."

"Kikae! Kwani ni paka hicho, bibi?"

Kikakaa. Wajumbe wa Guttorm walikuja na zawadi za kupeleleza, wakamwona mfalme kitini, wakainama kwa mbali na kuondoka upesi, pua wamezibana. Ragnfrid aliwaamuru watumishi wafute maji chini ya kiti asubuhi na jioni. Naye alikula, alisokota sufu, alilala. Majuma matano yakapita hivyo.

Ndipo kile kitu kilipoanza kuita.

"Aslaug, mwanangu. Njoo unichane nywele."

Msichana alikuwa amemkumbuka sana baba yake. Akaenda. Kila adhuhuri alisimama nyuma ya kiti akichana, na mchanga ukimdondokea miguuni. "Baba amepoa tu, mama," alisema. "Anahitaji mtu." Kisha akaacha kula. Kisha akaacha kusema.

Adhuhuri moja Ragnfrid aliingia na mkate, akamkuta mwanawe amesimama palepale, midomo imekuwa ya buluu, macho wazi hayapepesi, chanuo likienda na kurudi, na maji yakishuka sasa kutoka kwenye nywele zake yeye mwenyewe, na kandokando ya ukuta, kwenye mabenchi yaliyokuwa matupu tangu vuli, wameketi wanaume arobaini waliolowa, bega kwa bega, hawahemi, nyuso zote zimemgeukia Aslaug kama wageni wanaomngoja bibi harusi.

Mkate ukamponyoka.

"Torleiv," alisema, wala hakupaza sauti. "Umekufa. Ulizama. Nyote mmezama."

Kile kitu kikamgeukia. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mumewe hasa, ya kitandani, ya miaka yote ile.

"Mbona umekawia, Ragnfrid? Nilichoka."

Akainuka, wakainuka wote, wakatoka mmoja mmoja hadi majini, na maji yakawafunika.

Kabla jua halijatua, habari zilikwisha kuvuka ghuba. Ragnfrid alimfunga Aslaug kwa ngozi juu ya sleji, kigari cha kuteleza thelujini, yeye na Tordis wakaikokota kupanda mlima. Kutoka kileleni waliona ukumbi wao ukiungua. Aliutazama kama mtu anayetazama jiko la jirani.

"Mama," Aslaug alisema, neno lake la kwanza baada ya siku tisa. "Nasikia njaa."

Siku ya tatu walifika kwa kaka mmoja wa Ragnfrid. Gyda, wifi yake, alimvua viatu vilivyoganda, akamtia miguu katika beseni la maji ya uvuguvugu.

"Itauma, wifi yangu. Vumilia."

Mwanzo hakusikia kitu. Kisha vidole vikaanza kuwaka, kimoja kimoja, akapiga yowe lililowatoa watu mabandani. Gyda alidhani ni miguu. "Si nimekwambia?" Lakini Ragnfrid alikuwa akiita, "Torleiv! Torleiv wangu!" na Aslaug, ambaye hakuwahi kumwona mama yake akilia, aliweka chini bakuli lake la uji akamkumbatia.