Rubani Aliyepigana Juu ya Mizani

Hakuwa na koti. Hakuwa na tai, wala viatu ambavyo visigino vyake havijaliwa upande. Hakuwa na meza, kwa hiyo alisoma vitabu vya urubani akiwa amepiga magoti sakafuni, kitabu kimelala kitandani. Hakuwa na kazi, mwezi wa kumi na tatu sasa. Hakuwa na baba wa kumwuliza neno, wala mjomba wa kumpigia mkubwa fulani simu. Hata anwani ya kudumu hakuwa nayo. Alikuwa na chumba cha kupanga tu, chenye mlango uliokuwa ukifungwa kwa kusukumwa kwa bega. Leseni alikuwa nayo, na saa zake zote za angani zilikuwa zimeandikwa kwa mwandiko safi katika daftari lenye jalada gumu. Lakini kitu alichokikosa kuliko vyote hakiuzwi dukani. Hakuwa na subira. Ngumi yake ilikuwa ikifika kabla ya akili yake.

Asubuhi moja ngumi hiyo ilifika mapema mno.

Alikuwa amekwenda kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege kuchukua barua yake. Kampuni moja ya ndege za mizigo, yenye ofisi kuu katika mji mwingine, ilikuwa imekubali kumwita kwenye usaili, na barua zake zilipitia hapo ghalani. Ghala lilikuwa limefurika. Wachukuzi walisukuma matoroli, madereva walipiga honi, wenye mizigo walipunga karatasi juu ya vichwa vya wenzao. Mtu mmoja mpana, shingo kama gogo, ovaroli la bluu limemkaa kama ngozi, akampita kwenye foleni na kumkanyaga mguu bila hata kugeuka.

"Bwana, kuna foleni hapa," rubani alisema.

"Foleni ni ya wenye mizigo. Wewe mzigo wako uko wapi? Au ndiwe mwenyewe?"

Watu wakacheka. Rubani akampiga ngumi ya taya.

Yule mtu akayumba hatua moja, akatema damu, akatabasamu kama aliyeletewa zawadi. Wakavaana. Goti likazama tumboni, kiwiko kikatua shingoni, kifungo cha shati kikaruka kikagonga ukuta wa mabati. Wakaanguka pamoja juu ya bamba la chuma la mizani kubwa ya sakafuni, na bamba likalia kama ngoma. Rubani alihisi mdomo wake unapasuka. Alihisi pia kwamba anaupenda ule uchungu, na hilo ndilo lililokuwa likimtisha kila mara.

"Mia moja sabini na moja!"

Sauti ya mwanamke ilikata kelele zote. Wapiganaji wakatulia, kila mmoja akiwa bado ameshika ukosi wa mwenzake.

Nyuma ya dirisha la kioo alisimama msichana wa gauni la kijani lililokatwa vizuri kiunoni, juu yake amevaa kizibao cha njano cha kazi, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa akisoma namba za mizani bila haraka.

"Kilo mia moja sabini na moja, nyama mbichi, haijafungashwa. Niandike inakwenda wapi? Hospitali au polisi?"

"Dada, huyu ndiye aliyeanza..."

"Nyundo, unanidondoshea damu kwenye mizani. Shuka." Yule mpana akashuka kama mtoto. Namba zikateremka. "Na wewe, Kilo Sabini na Mbili, unasubiri nini hapo? Nikugonge muhuri?"

Ndivyo alivyokutana na karani wa mizani, na ndivyo alivyojua kwamba mtu aliyempasua mdomo ni kaka wa karani huyo, msimamizi wa wachukuzi wote. Karani alimpa barua yake pamoja na kitambaa kilicholoweshwa maji. Rubani akaisoma palepale, kitambaa mdomoni. Usaili ulikuwa baada ya majuma matatu. Lakini kabla ya hapo kila mwombaji alitakiwa kutuma ukurasa mmoja, kwa mwandiko wake mwenyewe, aeleze kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kuyafanya kazini. Asiyeutuma asihangaike kuja.

Kesho yake akapiga simu ya ghalani.

"Haloo, Bibi Mizani."

"Nani mwenzangu?"

"Kilo Sabini na Mbili."

"Mbona sauti imepungua? Hii ni ya kilo sitini. Umekula?"

"Mdomo haufunguki. Kaka yako ana ngumi mbaya."

"Na wewe una ulimi mbaya, maana unafunguka vizuri kwenye simu ya kazini. Njoo jioni nikupime tena."

Akaenda. Akaenda na kesho yake. Siku ya nne alikuwa akimwita laazizi, naye akimwita "mzigo wangu", na Nyundo alikuwa akitema mate kila akimwona. Kazi zikiisha, karani alifunga dirisha, akakaa upande wa wasaili, na kumfundisha. Aliwajua marubani, kila siku walisaini fomu zake za uzani.

"Rubani mkuu wako anakwambia huna akili. Unafanya nini?"

"Namvunja..."

"Umeshafukuzwa. Toka nje, bisha hodi, ingia upya."

Siku moja alitoka na kuingia mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili alijibu, "Namwuliza nimekosea wapi," na karani akampigia makofi, akamfunga shingoni tai ya bluu aliyomnunulia, akaikaza kidogo kuliko ilivyopaswa.

"Unaninyonga, mpenzi."

"Nakufunga usije ukadondoka njiani. Haya, ile barua ya kosa umeandika nini?"

Alikuwa ameandika kwamba siku moja alichelewa kazini dakika kumi na tano. Karani alicheka mpaka kalamu ikamtoka kichwani. "Hilo kosa hata malaika wanalo. Kaandike jingine."

Jioni iliyofuata alimwekea fomu ya uzani ajaze. Mistari yote ilikuwa kwa kilo, isipokuwa mmoja alioubadilisha makusudi. "Wasaili hutegea hapa," alisema. "Mstari wa saba ni ratili. Geuza, kisha endelea."

Kalamu ya rubani ikasimama.

"Ni ratili tu, kipenzi, haifiki nusu kilo. Gawanya."

"Nani amekwambia?"

"Ameniambia nini?"

"Nani amekwambia habari ya ratili!"

Akaukamata ubao wa kuandikia wenye kibano cha chuma, akaurusha. Ukapita kando ya sikio la karani kwa mvumo, ukapiga ukuta wa mbao laini nyuma yake na kuacha shimo la kuingiza ngumi.

Karani aligeuka akalitazama shimo. Kisha akaweka vidole vyake kati ya sikio lake na mahali ubao ulipopita, akipima, kama alivyopima kila kitu.

"Vidole viwili," alisema. "Baba yetu naye alianza kwa kukosa. Mwaka mzima alimkosa mama. Halafu akaacha kukosa."

"Mpenzi, sikukulenga..."

"Toka. Na leo usibishe hodi."

Siku nne alipiga simu. Siku nne alijibiwa, "Mizani imefungwa," kisha simu ikakatwa.

Siku ya tano, mchana, mlango wa chumba chake uling'olewa kwenye bawaba kwa teke moja. Nyundo alikuwa ameiona kalenda mpya ukutani ofisini kwa dada yake, akaifunua, akaliona shimo.

"Simama," alisema.

Rubani akasimama. Akaitia mikono yake miwili kwenye mifuko ya suruali.

Pigo la kwanza lilimtupa juu ya kitanda na vitabu vyake. Akainuka, mikono mfukoni. La pili lilivunja kitu ubavuni, akasikia sauti yake kama kijiti kikavu. La tatu likamtoa jino.

"Toa mikono!"

"Haitoki."

"Itoe, pigana kama mwanaume!"

"Nikiitoa leo," rubani alisema huku damu ikimchuruzika kidevuni, "sitajua tena kuirudisha. Wewe maliza shughuli yako."

Nyundo akampiga mara mbili zaidi, lakini nguvu zilikuwa zimemwisha, si za mkono, za hasira. Mwishowe akakaa juu ya mlango uliovunjika, akahema, akatoa simu.

"Dada, njoo umchukue mtu wako. Amesimama tu kama gunia. Nimepiga watu tangu nina miaka kumi na minne, sijaona balaa kama hili. Ananiharibia jina."

Karani alifika akiwa na kizibao chake cha njano. Alimtazama kaka yake, akamtazama rubani, asimkimbilie hata mmoja.

"Mnadhani hapa pamefanyika jambo la maana?" aliwauliza. "Juzi alirusha, leo amerushwa. Damu imehama upande, basi. Kupigwa hakukufanyi uwe mwema, mzigo wangu. Nieleze habari ya ratili."

Akamweleza, akiwa amekaa sakafuni. Katika kazi yake ya zamani alikuwa rubani msaidizi. Siku moja hati za mzigo zililetwa kwa kilo, yeye akazisoma kama ratili, akagawanya. Kwenye karatasi ndege ikawa nyepesi. Kwa kweli ilikuwa imezidiwa vibaya. Rubani mkuu, mzee, aliyaona matairi yamebonyea, akapiga hesabu upya, akamwambia mbele ya wachukuzi: "Mjinga wewe, ungetuua wote."

"Nikampiga kwa kurunzi ya chuma. Nikamvunja pua. Watu wote nimewaambia alimtukana mama yangu. Mzee hakunishtaki, aliandika tu kwamba nimeacha kazi kwa hiari. Hakuna ajuaye."

"Mtu aliyekuokoa maisha," karani alisema polepole.

"Ndiyo."

"Liandike hilo."

"Hawatanichukua."

"Pengine. Lakini ukiwadanganya wakakuchukua, siku moja utakaa kwenye ndege iliyojaa, mwenzako akuite mjinga, na ninyi mko juu mawinguni. Huko hakuna wa kukwambia toka ubishe hodi."

Rubani akafuta damu kwa kiganja.

"Na wewe? Nikiiandika, utakubali nikuoe?"

"Nitakujibu siku nitakapoona mtu anakuita mjinga mbele yangu. Ukiinua mkono tena, sitabaki hapo kupima."

Aliiandika kesho yake kwenye dirisha la ghala, ubavu umefungwa bendeji, kwa ule mwandiko wake safi. Ilikuwa siku ya mwisho ambayo barua ingeweza kuwahi. Gunia la nyaraka lilikuwa linaondoka na ndege ya mizigo ya saa kumi. Karani aliisoma yote, neno kwa neno, akamrudishia bila kusahihisha kitu. Nyundo naye akaisoma juu ya bega la rubani, midomo yake ikicheza.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema kwa sauti ambayo wachukuzi wote waliisikia. "Ungeua watu kwa kushindwa kugawanya. Mjinga mkubwa wewe!"

Karani hakutazama uso wa rubani. Alitazama mikono yake. Vidole vilijikunja, kucha zikapauka, pembe ya bahasha ikakunjamana. Toroli moja likalia mahali fulani, likanyamaza. Kisha vidole vikafunguka, kimoja kimoja, kama vya mtu anayeamka.

"Kweli," rubani alisema. "Ningewaua. Nipe hiyo gundi, shemeji."

"Shemeji nani?"

"Mpe gundi, Nyundo," karani alisema.

Rubani akapaka gundi, akaufunga mdomo wa bahasha, akaukandamiza kwa kidole gumba. Karani akaiweka kwenye mizani ndogo, akaandika gramu kumi na nane. Kisha akachomoa kalamu nyekundu kichwani, akaigeuza bahasha, na mahali pa anwani ya mtumaji akaandika ya nyumbani kwake.

"Chumba chako hakina mlango," alisema bila kuinua macho. "Majibu yaje kwetu."

Akaidondosha ndani ya gunia, akalifunga kwa waya, akabana lakiri ya bati kwa koleo. Nyundo akalitupa gunia begani na kwenda nalo kwenye ndege.